Kasa na Amana Yetu

Katika darsa yetu ndugu mmoja alituuliza suala ambalo twaona si haki kulipita. Alisema: "Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi wa viumbe vyake. Basi sisi yatuhusu nini kuzima taa za ufuoni na kuwafungua kasa walionaswa nyavuni? Je, kutawakali hakutoshi?"

Kabla ya kujibu, na tumtazame huyo kasa. Ni mnyama avutaye pumzi kama sisi, ilhali maisha yake ni baharini. Chumvi ya maji ingemwangamiza, lakini amepewa tezi karibu na macho za kuitoa. Ndiyo yale machozi ayatoayo apandapo mchangani, watu wakadhani analia. Apumzikapo chini ya maji huweza kukaa saa kadha pasi na kuvuta pumzi. Jike hukaa miaka 20 na zaidi ndipo apate kutaga, na wakati huo hurejea pande zile zile za pwani alikoanguliwa, akiongozwa na nguvu ya sumaku ya ardhi. Hutaga usiku mayai kiasi cha 100, akayafukia, akaenda zake. Mchanga wenye joto zaidi hutoa majike, na uliopoa zaidi hutoa madume. Baada ya miezi kama 2 watoto huibuka usiku, hawana mama wala mwalimu, wakaelekea upande wenye mwangaza. Na upande huo tangu dahari ulikuwa ni wa bahari.

Hii ndiyo hidaya: kila kiumbe kupewa umbo limfaalo na uongozi wa kulitumia. Naye kasa haiasi hidaya yake hata siku moja.

Sasa tutazame tuliyoyatenda sisi. Mwangaza uliokuwa ukimpeleka mtoto wa kasa majini, leo ni taa za mahoteli na majumba, humvuta bara hata jua likamkuta mchangani akafa. Pumzi ya saa kadha haimfai wavuni, kwani akipapatika humwishia upesi, akafa maji. Kurejea kwake pwani ile ile kumewafanya wachimbao mayai na wauzao mafuta yake wajue pa kumngoja. Naam, kila alichopewa kiwe ngao, sisi tumekigeuza mtego.

Basi jawabu letu ni hili. Kasa hana uwezo wa kuibadili hidaya yake. Hawezi kujifunza kwamba taa ya hoteli si bahari. Sisi tumepewa akili na hiari, nayo ndiyo amana tutakayoulizwa. Yule Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha amfunge kwanza, ndipo atawakali. Ama kumwachia Mungu madhara tuyatendayo kwa mikono yetu wenyewe, huko si kutawakali. Ni uvivu uliovikwa kilemba.

Twajua mtu atasema: mvuvi akikata wavu wake amwokoe kasa, watoto wake watakula nini? Hilo ni neno la haki, wala hatulidharau. Huko Watamu upo mpango ambao mvuvi atoaye habari ya kasa aliyenaswa hupewa kitu cha kumfidia wavu na wakati wake. Kwa nini wenye mali miongoni mwetu, ambao taa zao ndizo zinazopoteza watoto wa kasa, wasishiriki katika jambo kama hilo? Kuzima taa hakuna gharama. Mzigo wote tusimtwike maskini.

Sheria ya nchi ya mwaka 2013 yakataza kuwaua wanyama hawa. Lakini askari hawezi kusimama kila ufuo kila usiku. Aonaye kila ufuo kila usiku ni Mmoja, naye ndiye aliyetukabidhi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitimiza amana yake. Amin.