Tarehe Iliyorudishwa Nyuma

Kwa macho ya watu wengi, tarehe ni jambo dogo. Ni tarakimu chache zilizowekwa pembeni mwa ukurasa, huandikwa kwa haraka na kusomwa kwa nadra. Lakini iondoe tarehe katika hati ya shamba, au katika mkataba, au katika cheti cha kuzaliwa, utaona mara moja jinsi haki ya mtu inavyoyumba. Aghalabu aliyetangulia na aliyefuata hawana cha kuwatenganisha ila tarakimu hizo. Basi, msomaji, nakuomba tufikiri pamoja juu ya swali hili: Je, ni kosa kukipa kitu tarehe iliyotangulia siku yake? Na ikiwa ni kosa, mbona wako wataalamu wenye heshima ambao hufurahi wanapofaulu kurudisha tarehe nyuma?

Lugha ya Kiingereza ina neno moja kwa tendo hili, nalo ni "antedate". Historia ya neno hilo ni fupi, lakini ina mafunzo. Limeunganishwa kwa sehemu mbili zenye asili ya Kilatini. Ya kwanza, "ante", maana yake ni kabla. Ya pili hutoka katika neno "data", yaani iliyotolewa. Warumi walipomaliza kuandika barua waliitia neno hilo pamoja na mahali na siku, kuonyesha kwamba barua imetolewa mahali fulani, siku fulani. Baadaye neno la kutoa likageuka kuwa jina la siku yenyewe. Sisi katika Kiswahili twasema "tarehe", neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao neno hilo moja hutaja siku ya mwezi na hutaja historia pia. Weka maana hizi mbili moyoni. Aandikaye tarehe anasema, "Siku hii nimetoa." Tena, apende asipende, anaandika historia.

Neno "antedate" lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza katika miaka ya 1570, likiwa jina, na katika miaka ya 1580 likawa kitendo. Halikuzaliwa katika nyumba njema. Maana yake ya kwanza ilikuwa kutia hati tarehe ya uongo, iliyo kabla ya siku ya kweli. Mshairi John Donne, aliyefariki mwaka 1631, alilitumia katika shairi moja la mapenzi lililochapwa mwaka 1633. Humo msemaji anamshuku mpenzi wake kwamba kesho atatunga kiapo kipya, kisha atadai kuwa kiapo hicho kilitangulia ahadi alizompa yeye. Tazama jinsi neno lilivyotoka katika hati za makarani likaingia katika mambo ya moyo. Maana mtu aweza kurudisha nyuma tarehe ya karatasi, na aweza pia kurudisha nyuma tarehe ya neno lake mwenyewe, akasema, "Nilikwisha kuamua zamani," hali ameamua sasa hivi kwa kuwa inamfaa.

Udanganyifu wa namna hii haukuwa wa mashairi tu. Mwaka 1619, miaka mitatu baada ya kufa kwa Shakespeare, tamthilia kumi zilizouzwa kwa jina lake zilichapwa mjini London katika kiwanda cha William Jaggard, kwa ajili ya mwuza vitabu Thomas Pavier. Baadhi ya vitabu hivyo vilitiwa mwaka wa kweli. Vingine vilitiwa mwaka 1600, na vingine mwaka 1608, kana kwamba ni vitabu vya zamani vilivyobaki ghalani. Mwaka huo huo wa 1619 ilikuwa imetolewa amri kwamba tamthilia za waigizaji wa Mfalme zisichapwe bila ya idhini yao, na wataalamu wengi wanaona kwamba hiyo ndiyo sababu ya tarehe zile za uongo. Kwa muda wa miaka 289 wasomaji waliziamini. Kisha, mwaka 1908, mtaalamu W. W. Greg akazichunguza karatasi zenyewe. Karatasi za siku zile zilikuwa na alama zilizotiwa ndani yake wakati wa kutengenezwa, nazo huonekana mtu akiinua ukurasa mbele ya mwanga. Greg aliona kwamba alama zile zile zimo katika vitabu vilivyodai kupishana kwa miaka kumi na tisa. Wino ulikuwa umesema uongo, lakini karatasi haikukubali kushirikiana nao.

Hata hivyo, neno halikubaki katika aibu yake. Kufika miaka ya 1660 Waingereza walikuwa wamelipa maana ya pili, isiyo na lawama yoyote: kutangulia kwa wakati. Kwa maana hiyo mtu aweza kusema kwamba mbuyu ulio uwanjani umeitangulia shule. Hapa hakuna aliyedanganya. Mbuyu haukuandika tarehe yake. Umesimama tu, na umri wake ni kweli, ajue mtu au asijue.

Maana ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Mwaka 1857 chama cha wataalamu wa lugha mjini London kiliona kwamba kamusi za Kiingereza zilikuwa na upungufu mwingi, wakaazimia kutengeneza kamusi ambayo itaeleza maisha ya kila neno tangu lilipoonekana kwanza katika maandishi. James Murray akawa mhariri wake mwaka 1879. Aliwaomba watu wa kawaida wasome vitabu, na kila walipokuta neno linalofaa, waandike katika kikaratasi neno hilo, sentensi yake, jina la kitabu na mwaka wake, kisha wampelekee. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1884, nayo iliishia katika neno "ant", yaani sisimizi. Neno letu "antedate" likangojea sehemu ya pili, ya mwaka 1885. Murray alifariki mwaka 1915 kabla ya kuuona mwisho wa kazi. Kazi ilikamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000 na mifano iliyonukuliwa yapata 1,800,000. Hiyo ndiyo kamusi ya Oxford, ambayo tangu mwaka 2000 inapatikana katika intaneti na ingali ikisahihishwa.

Katika kamusi hiyo mifano ya kila neno hupangwa kwa miaka, na ule wa zamani kuliko yote hutangulia. Lakini wahariri hawasemi, "Huyu ndiye mtu wa kwanza kulisema neno hili." Wanasema tu kwamba huu ndio mfano wa zamani zaidi waliouona. Tofauti ya semi hizi mbili ni kubwa. Ya kwanza ni majivuno, ya pili ni uaminifu. Na kwa kuwa wamekiri mpaka wa ujuzi wao, mlango u wazi kwa mtu yeyote, awe profesa au mzee aliyestaafu anayesoma barua za kale, kuleta mfano uliotangulia huo. Akiuleta, na ukithibitika, mwaka wa zamani huwekwa mahali pa ule wa karibu. Tendo hilo huitwa kwa jina lile lile lililotajwa zamani kwa fedheha. Neno la mghushi limekuwa neno la mtafiti.

Wala tusidhani kwamba huo ni mchezo wa wasomi wasio na kazi. Ndani yake mna haki ya watu. Kwa muda mrefu Shakespeare alihesabiwa kuwa mwanzilishi wa maneno mengi mno. Mwaka 1980 mtaalamu wa Kijerumani, Jürgen Schäfer, alichapisha uchunguzi wake uliomlinganisha Shakespeare na mwandishi mwenzake wa zama zile, Thomas Nashe. Alionyesha kwamba wasomaji wa kamusi walikuwa wamezipekua kazi za Shakespeare kwa bidii kuliko za wengine, na kwa hiyo akapewa sifa ya maneno ambayo wengine walikuwa wameyatumia kabla yake. Shakespeare hakuiba. Yeye alisomwa sana, na wenzake wakasahauliwa. Kila mfano wa zamani unaogunduliwa humrudishia haki yake mtu fulani, pengine mhubiri wa kijijini, pengine mwandishi wa hesabu za duka, ambaye hakuna aliyemjali.

Sasa tulirudie swali letu. Pavier alirudisha tarehe nyuma, na mtafiti wa maneno hurudisha tarehe nyuma. Mmoja tunamlaumu, mwingine tunamshukuru. Kinachowatenga ni nini? Si upande ambao tarehe imeelekea, maana wote wawili wameelekea nyuma. Kinachowatenga ni shahidi. Mtafiti huja na ushahidi mkononi na kusema, "Njoo utazame mwenyewe." Mghushi huja na tarehe tupu, naye hutaka usitazame zaidi ya hapo. Wa kwanza anaikaribia kweli kwa kurudi nyuma, na wa pili anaikimbia kwa kurudi nyuma.

Pengine utanipinga, msomaji, na una haki. Utasema: Je, serikali ikitangaza mwezi wa Juni kwamba nyongeza ya mishahara itahesabiwa tangu Januari, imedanganya? La. Tangazo lenyewe limetaja miezi yote miwili, ule wa kunena na ule wa kuanza kuhesabu, na hakuna kilichofichwa. Utasema tena: Je, bibi yangu ambaye hakuandikiwa siku ya kuzaliwa, akakadiriwa mwaka kwa kukumbuka njaa au nzige, cheti chake ni cha uongo? La, maadamu aliyekadiria alikadiria kwa nia njema na wala haoni haya kukiri kwamba ni makadirio. Makadirio yaliyokiriwa ni ndugu wa kweli. Lakini mtu anayeijua siku yake, kisha akaibadili ili apate asichostahili, huyo hakadirii. Huyo anamnyang'anya mwenzake nafasi.

Nimesema mengi juu ya makosa ya wengine. Si adabu kumaliza bila kutaja langu. Nilipokuwa mwalimu kijana, tuliarifiwa kwamba wakaguzi watafika shuleni baada ya siku mbili. Daftari langu la rekodi ya kazi lilikuwa tupu kwa majuma sita. Nilikaa usiku nikalijaza. Niliandika tarehe moja baada ya nyingine, na mbele ya kila tarehe mada iliyofundishwa. Nyingi nilizifundisha kweli. Moja, usemi halisi na usemi wa taarifa katika Kidato cha Pili, sikuifundisha. Niliiandika kwa sababu ilikuwemo katika maazimio ya kazi, na kwa sababu nafasi ilibaki. Nilijiambia kwamba nitaifundisha juma lijalo. Wakaguzi wakaja, wakalitazama daftari, wakatia sahihi, wakanisifu kwa usafi wa mwandiko. Juma lililofuata likaja na shughuli zake, na mada ile ikasahauliwa.

Mwaka uliofuata darasa lile lilichukuliwa na mwalimu mwenzangu, mtu mwangalifu kuliko mimi. Alilisoma daftari langu ili ajue aanzie wapi. Aliona mada ile imefundishwa, akaipita. Nilipowapokea tena wanafunzi wale katika Kidato cha Nne, niliwapa zoezi la usemi wa taarifa, karibu darasa zima likashindwa. Niliwauliza kwa ukali kwa nini wamesahau. Msichana mmoja akasimama akasema kwa upole, "Samahani, Mwalimu, hatujasahau. Hatukupata kufundishwa." Sikuwa na la kumjibu. Niliwafundisha siku ile, lakini miaka miwili haikurudi.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo nalikuachia wewe, msomaji. Tulizoea kuwaambia watoto kwamba njia ya mwongo ni fupi, maana mwisho atagunduliwa. Mimi sikugunduliwa. Waliokuwa na kazi ya kunikamata walinipita na kunisifu. Aliyedhurika ni yule aliyeniamini, na waliodhurika zaidi ni watoto ambao hawakuliona daftari lile hata siku moja. Hilo ndilo sumu ya tarehe ya uongo: humwacha mwenye shaka, humwuma mwenye imani. Niliandika kwamba siku fulani nimetoa, nami sikuwa nimetoa kitu.

Baada ya muda mfupi utashika kalamu kama sisi. Utaandika risiti, ripoti, mikataba, na kumbukumbu za mikutano. Itakuja siku ambapo mtu, pengine mkubwa wako, pengine rafiki yako mpenzi, atakuambia, "Weka tu tarehe ya juma lililopita, nani atajua?" Siku hiyo kumbuka karatasi za Pavier, zilizotunza ushahidi wao miaka 289. Mkumbuke pia msichana wa Kidato cha Nne aliyesimama darasani. Ikiwa umechelewa, andika kwamba umechelewa. Andika tarehe ya leo, kisha chini yake ueleze jambo lilitendeka lini na ni nani alishuhudia. Huenda ukaaibika kidogo, lakini atakayelisoma daftari lako baada yako atajua mahali pa kuanzia.