Mshahara Mzuri ni Ngapi?

Hapa Nakivale vijana wanapenda kuulizana swali moja jioni, wakati simu ziko kwenye chaji dukani: eti, kule Ulaya mshahara mzuri ni ngapi? Mmoja anasema elfu mbili, mwingine anasema elfu nne. Kisha kila mtu anazidisha kwa shilingi za Uganda, na wote wananyamaza kidogo. Swali hili si la mchezo. Kuna watu wameuza mbuzi, wameuza pikipiki, wengine wameshika njia ya Libya kwa sababu ya jibu lake. Basi tulijibu polepole, na hesabu mkononi.

Nitachukua mji mmoja tu, Geneva, katika Uswisi. Nauchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji unaotuhusu: makao makuu ya UNHCR yako pale, na Mkataba wa Wakimbizi ulitiwa sahihi palepale tarehe 28 Julai 1951. Pili, mtoto wa baba yangu mdogo anaishi pale na anasafisha ofisi, kwa hiyo ninayoyasema juu ya mfuko wake nimeyasikia kwake mwenyewe.

Mwaka 2020, tarehe 27 Septemba, raia wa Geneva walipiga kura na kukubali kima cha chini cha mshahara: faranga 23 kwa saa. Kila mwaka kinapandishwa kidogo kufuata bei za vitu, na mwaka 2025 kilifika faranga 24.48. Ni kati ya vima vya juu kabisa duniani. Mtu akifanya saa 42 kwa wiki, kwa mwezi inafika kama faranga 4,455 kabla ya makato. Saa moja ya kufagia Geneva inapita shilingi laki moja za Uganda. Mimi nimelima leja leja hapa kwa shilingi 5,000 kwa siku. Yaani saa yake moja ni siku zangu ishirini za jembe. Ukiishia hapo kwenye hesabu, utafunga begi leo usiku.

Lakini hesabu haiishii hapo. Kwanza kuna makato ya uzeeni, ya kukosa kazi na ya kodi ya serikali. Halafu kuna bima ya afya. Kule bima ni lazima kwa kila mtu, na kila mtu anainunua kwa pesa yake. Kwa mtu mzima wa Geneva inaweza kupita faranga 500 kwa mwezi, ingawa wenye kipato kidogo wanasaidiwa sehemu na serikali. Halafu kuna nyumba. Ndugu yangu analipa faranga 1,500 kwa chumba kimoja na jiko. Ongeza chakula, basi, simu. Anasema akimaliza yote anabaki na kama faranga 700. Kutoka hizo 700, mama yake yuko Bukavu, mdogo wake anasoma Kampala, na sisi tuko hapa. Wote tuna namba yake ya WhatsApp.

Kuna jambo jingine la Geneva ambalo vijana wengi hawalijui. Mwezi Mei 2020, wakati wa Korona, watu walipanga foleni zaidi ya kilometa moja mbele ya uwanja wa michezo wa Vernets, wakingoja mfuko wa chakula wenye thamani ya faranga kama 20. Wengi wao walikuwa wafanyakazi: wanawake wa kusafisha nyumba za watu, walezi wa watoto, watu wa hoteli. Wengi hawakuwa na karatasi. Kazi iliposimama, wiki chache zilitosha kuwafikisha kwenye foleni. Sisi tunaoijua foleni ya chakula tunajua mtu anavyosimama pale, anavyoangalia chini akiona anayemfahamu. Foleni ile ilikuwa katika mojawapo ya miji tajiri kabisa ya dunia.

Sasa kuna mtu atasema: “Bwana, usitudanganye. Maskini wa Geneva ni bora kuliko sisi.” Ana haki, na sitabishana naye. Ndugu yangu akiumwa anatibiwa. Akikatwa mshahara bila sababu, kuna mahakama ya kazi. Mtu anayetamani maisha yale si mjinga, na mtu aliyeshiba asimcheke. Ninachosema ni kwamba tunatamani kitu kimoja tukakipa jina la kingine. Tunasema “faranga elfu nne”, lakini tukitazama vizuri, kinachotuvuta kwa ndugu yangu ni kwamba kuna sakafu chini yake. Wale wa foleni ya Vernets walikuwa mji uleule, bei zilezile, sarafu ileile. Walichokosa ni sakafu.

Na sakafu haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2014 Uswisi nzima iliulizwa kama iweke kima cha chini cha faranga 22, na zaidi ya robo tatu ya wapiga kura walikataa. Geneva ilikubali miaka sita baadaye. Watu walibishana, wakashindwa, wakarudi tena. Tukiangalia huku tuliko, sheria ya Uganda inaturuhusu wakimbizi kufanya kazi, na tunashukuru. Ila kima cha chini cha mshahara hapa ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Si kosa la uchapaji: kwa mwezi. Kiliwekwa mwaka 1984 na hakijapanda. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo Mganda anayelima karibu nami hana sakafu, na mimi sina. Tofauti yetu naye ni ndogo kuliko tunavyodhani tukigombania kibarua.

Sasa nitoe jibu langu. Mshahara mzuri ni ule unaomwachia mtu nguvu ya kukataa. Akataliwe likizo ya ugonjwa, aweze kuondoka. Bosi akitaka kitu kichafu kutoka kwa binti, binti aweze kusema hapana na watoto wake wale usiku huo. Duka likitaka kumkopesha kwa riba ya wizi, aweze kupita. Hata sisi ndugu tukiomba kupita kiasi, aweze kusema “mwezi huu sina” bila kujiona mchawi wa ukoo. Kipimo hiki kinafanya kazi Geneva, Bukavu na hapa Base Camp. Mtu anaweza kuwa na faranga 4,000 na asiwe na nguvu hiyo, kwa sababu ya deni au kwa sababu ya karatasi. Mwingine ana mashine ya kusaga na nguruwe wawili, naye anayo kidogo. Kidogo tu, lakini anayo.

Kwa kipimo hicho lazima niseme na juu ya kitu tunachokiita insentivu. Mimi natafsiri kwenye kliniki. Asubuhi hadi jioni nabeba maneno ya mgonjwa kwa daktari na ya daktari kwa mgonjwa. Nikikosea neno moja, mtu anameza dawa isiyo yake. Kwa mwezi napata shilingi 180,000, na karatasi ninayotia sahihi haisemi mshahara. Wenzangu wa VHT, walinzi, walimu wasaidizi, wanajua karatasi hiyo. Wanaosoma jarida hili kutoka mashirika wanajua pia, na najua si wao wanaopanga bajeti. Nawaomba tu walifikirie hilo jina. Kitu kikiitwa mshahara, mtu anaweza kuuliza: ni mzuri au mbaya? Unatosha? Kikiitwa insentivu, swali lenyewe linaonekana kama kukosa shukrani. Jina limeziba mdomo kabla mdomo haujafunguka. Wakati huohuo, kifungu cha 24 cha ule Mkataba wa 1951 kinazitaka nchi ziwape wakimbizi walioko kihalali masharti sawa na raia katika malipo, saa za kazi na likizo. Waliouandika walijua neno mshahara, na hawakuona aibu kuliweka pamoja na neno mkimbizi.

Naomba vitu viwili vidogo. Vijana, mkiongea na ndugu aliye Ulaya, msimuulize “unalipwa ngapi?” Muulizeni “unabaki na ngapi, na unalala saa ngapi?” Ndugu yangu anaamka saa tisa na nusu usiku ili awahi basi. Nilipomuuliza swali hilo la pili, alikaa kimya, kisha akaongea karibu saa nzima, na siku hiyo hakuna aliyemwomba pesa.

Na mashirika, muiandike kazi kwa jina lake. Hata kama mwaka huu pesa ni ileile, andikeni mshahara. Mwaka kesho tutakaa chini ya mti pale mbele ya kliniki, tuulizane kama unatosha.