Arobaini ya mzazi si kifungo



Mwezi uliopita hapa Turiani nilikwenda kumtazama mzazi mmoja, binti aliyeolewa mbali na kwao. Mama mkwe akanijibu mlangoni kuwa amelala. Nikarudi kesho yake, amelala. Siku ya tatu nilimsikia akibembeleza mtoto, nikapiga hodi na kuingia.

Simu alikuwa amenyang'anywa, ati mionzi inamdhuru mtoto. Mama yake mzazi alikuja kwa basi, akarudishiwa barazani kwamba arobaini haijaisha. Akilia, huambiwa amechanganyikiwa. Akikumbusha lililosemwa jana, huambiwa halikusemwa, naye alikwishaanza kuamini. Mumewe, atokaye alfajiri kwenda kwenye miwa, hunyamaza. Akaninong'oneza: "Mwalimu, ni kweli nikimlilia mama yangu naandikiwa dhambi ya kumuasi mume?"

Maneno hayo mama mkwe aliyatoa kwenye darsa langu la akina mama. Nilisomesha haki za mume, nikaahidi haki za mke wiki inayofuata. Ikanyesha mvua, hatukuzisoma tena. Hilo ninalo shingoni.

Basi tuseme wazi. Nifasi ni damu ya uzazi. Ukomo wake kwa Imam Shafi ni siku 60, kwa Imam Abu Hanifa siku 40, na ikikatika hata siku ya kumi, mama ataoga na kuswali. Inazuia swala, funga, tendo la ndoa na ibada kama tawafu. Kuonana na mama mzazi haikuzuia! Kutulia siku 40 ni mila, tena nzuri pale mzazi anapokandwa na kupikiwa uji. Lakini aya ya 233 ya Suratul Baqara inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Kliniki nayo humtaka arudi siku ya 7, ya 28 na ya 42. Akifungiwa arobaini nzima, anakosa mbili. Na huzuni nzito baada ya kujifungua ni maradhi yenye tiba. Kisomo asomewe, na kliniki apelekwe.

Nilimpa simu yangu. Alizungumza na mama yake hadi salio likakatika, wakilia wote wawili. Mama mkwe alisimama mlangoni muda wote.

Jumamosi hii tunasoma haki za mke. Bi mkubwa amenitumia salamu kuwa hatahudhuria. Mwanawe ameniuliza kama wanaume wanaruhusiwa.