Utando wa Sabuni Bafuni

Wewe unayeishi huku Adams Arcade, kwenye ploti inayotegemea maji ya kisima, ule utando mweupe unaoganda ukutani bafuni si uvivu wa dada anayekusaidia kazi za nyumbani. Maji ya kisima yakiwa magumu, huwa na kalsiamu na magnesiamu. Yakikutana na sabuni ya kipande, huzaa utando usioondoka kwa maji matupu, hata usugue vipi. Basi usimgombeze. Mnunulie siki, aipake kwenye vigae, aiache dakika 15, ndipo asugue. Sakafu ya terazo isiguswe na siki, maana asidi huila. Na nakusihi sana: siki isichanganywe kamwe na jiki, kwa sababu hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Mwambie hilo leo, kabla hujatoka kwenda kazini.