Kutibu nywele: Ni kubadili maumbile?

Miezi michache iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, dada mmoja alinisubiri mpaka wenzake wakaondoka. Akanieleza kuwa nywele zimemnyonyoka utosini, kiasi kwamba havui mtandio hata mbele ya mumewe. Daktari amemshauri achomwe sindano za majimaji ya damu yake mwenyewe. "Ustadhi, inajuzu?"

Nikajibu papo hapo: "Dada, huko ni kubadili maumbile ya Allah. Subiri tu." Akaondoka kimya.

Usiku ule nilijiuliza: nimemjibu kwa dalili au kwa mazoea?

Tiba yenyewe ni hivi. Damu hutolewa mkononi, huzungushwa kwa kasi katika mashine mpaka itengane, kisha majimaji ya manjano yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia jeraha kupona, hudungwa kwenye ngozi ya kichwa. Hapaongezwi nywele za mtu.

Wanaokataza hutaja hadithi ya binti aliyeugua nywele zikanyonyoka, na Mtume (s.a.w.) akakataza asiunganishiwe nyingine. Ni kweli. Lakini kilichokatazwa ni kuunganisha, si kutibu. Mtume (s.a.w.) huyo huyo alimwelekeza Arfaja, aliyepoteza pua vitani zama za Jahiliyya, avae pua ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Na katika kisa cha watu watatu wa Bani Israil, mwenye upara alitamani nywele nzuri, akapewa. Hakuangamia kwa kutamani nywele, bali kwa kukana neema alipoombwa msaada.

Atauliza mtu: je, damu si najisi? Wanazuoni wa zama hizi wameruhusu mgonjwa kuongezewa damu ya mwingine kwa dharura. Nakiri kuwa nywele si uhai. Lakini fedheha inayomfanya mke ajifiche kwa mumewe nayo ni dhara, na dhara huondolewa.

Hata hivyo, kujuzu si kila kitu. Nywele zinazonyonyoka baada ya kujifungua mara nyingi hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Upungufu wa madini ya chuma, au maradhi ya tezi ya shingo, una tiba yake. Na palipokwisha kuwa kovu kwa misuko ya kubana ya miaka mingi, si rahisi sindano kurudisha kitu. Hata pale inapofaa, sindano hurudiwa mara kadhaa na matokeo hutofautiana. Basi mwenye kliniki anayempokea kila mwanamke bila vipimo na kumhakikishia nywele, huyo ndiye mwenye ghushi, na ghushi ni haramu bila khitilafu.

Wiki iliyofuata nilimwita yule dada, pamoja na mumewe, nikamwambia: "Nilikosea. Kapime kwanza, ujue sababu, kisha uamue." Alilia. Mumewe akasema hakuwa akijua kuwa mkewe anaumia kiasi hicho.

Walimu wenzangu, neno "haramu" ni jepesi mdomoni, lakini tutaulizwa juu yake. Wallahu a'lam.