Chongo Iitwe Chongo

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Sisi wapenzi wa gemu mbovu tunaiishi hiyo methali. Rafiki anauliza, "Kwani gemu yako imeganda tena?" Unamjibu bila aibu, "Haijaganda, inafikiria." Mnacheka, yanaisha. Lakini chini ya hicho kicheko kuna swali ambalo halijaisha: ni sawa kufurahia kitu unachojua kilitengenezwa vibaya? Na ukikifurahia, umemsamehe aliyekiuza?

Chukua Vampire: The Masquerade – Bloodlines. Ilitoka tarehe 16 Novemba 2004, siku ileile na Half-Life 2. Ni kama bendi ya mtaani kupangiwa shoo usiku mmoja na staa wa dunia, ukumbi wa jirani. Waliyoitengeneza, Troika Games, kampuni ndogo ya California, waliijenga juu ya injini ya Valve ambayo yenyewe ilikuwa bado inajengwa. Ikatoka haijaiva. Mapigano ni mazito, kama mtu anakimbia kwenye matope. Kuna sehemu ya mitaro ya majitaka inayokuchosha hadi unataka kuzima mashine. Na kulikuwa na mahali pamoja, kwa Society of Leopold, ambapo gemu ilijifunga yenyewe na hadithi ikakwama hapo. Kufikia Februari 2005, Troika ilikuwa imefunga.

Sasa ingia Ocean House, hoteli yenye mizuka ndani ya gemu hiyohiyo. Humo hakuna adui wa kupiga. Kuna taa zinazozimika, vyombo vinavyoruka jikoni, na familia iliyoangamia ambayo unaijua kupitia mabaki tu. Wewe ndiye vampaya, wewe ndiye wa kuogopwa, na bado unatetemeka. Ama uchague ukoo wa Malkavian: kila unachosema kinageuka mafumbo ya mtu aliyerukwa na akili, na unaweza kuzozana na alama ya barabarani. Kuna gemu nyingi safi, hazina hata doa, na hazijawahi kuthubutu hivyo.

Kuna watu husema ati ubovu ndio utamu wenyewe. Sikubali. Hakuna anayependa gemu kujifunga kabla hajasevu. Tunachopenda ni kile watengenezaji walikuwa wanakifikia, hata kama mkono haukufika. Hapa Kenya tulijua hivyo tangu enzi za PS2. Pro Evolution Soccer haikuwa na leseni za timu nyingi za Uingereza, kwa hivyo Liverpool ikawa Merseyside Red na Chelsea ikawa London FC. Kwenye vibanda vya PS mtaani majina yalichekwa dakika mbili, halafu watu wakarudi kucheza, kwa sababu mpira wenyewe ulidunda vile mpira unafaa kudunda.

Lakini mapenzi ya aina hii yana hatari, na hatari yenyewe ni kwamba wauzaji wanayajua. Cyberpunk 2077 ilipotoka tarehe 10 Desemba 2020, wahakiki walikuwa wamepewa toleo la kompyuta kabla ya uzinduzi. Toleo la PS4 na Xbox One, lililokuwa na hali mbaya zaidi, hawakuonyeshwa mapema. Mwezi huohuo Sony ikaitoa kwenye duka lake na kuahidi kurudisha pesa, na haikurudi hapo hadi Juni 2021. Leo imerekebishwa na watu wanaipenda, na wako na haki. Lakini bei yake ilikuwa dola 60, pesa inayoweza kulipa kodi ya mwezi ya chumba kimoja mitaa mingi ya Nairobi. Aliyejinyima ili ainunue Desemba ile hakununua gemu ya leo.

Kwangu hapo ndipo tofauti ilipo. Aliyejaribu kitu kikubwa akashindwa, tunaweza kukaa naye mezani. Aliyejua kimeshindikana na akakifunika ili uje na pesa, huyo ana deni.

Halafu kuna suala la jasho. Bloodlines inachezeka leo kwa sababu mashabiki, wakiongozwa na mkemia mmoja wa Ujerumani, wamekuwa wakiishonea viraka tangu 2005, bila mshahara. Ukiinunua leo kwa duka la GOG, kiraka chao kinakuja nacho. Walifanya kwa hiari, na mimi nimefaidika. Bado nauliza: ni biashara gani nyingine mteja hununua gari lisilowaka, analitengeneza mwenyewe, halafu linauzwa tena pamoja na kazi yake?

Kwa hivyo cheza, ufurahie, usiombe mtu ruhusa. Furaha ni yako. Msamaha ni suala lingine, na hauwezi kuutoa kwa niaba ya msee aliyepoteza pesa zake. Ukimpendekezea rafiki gemu unayoipenda, mwambie yote: hapa utalia, hapa itaganda, sevu kila dakika kumi, na usinunue kabla bei haijashuka. Akikuuliza kama ina chongo, mwambie ndiyo, ina chongo, na unaipenda hivyohivyo.