Upana Uliosingiziwa

Swali la namna tunavyokijua chanzo cha jambo ni la kale kuliko baiskeli, lakini baiskeli kuukuu ya milimani inalifafanua vizuri kuliko mifano mingi ya darasani. Ikipandwa kwenye lami inachosha: tairi zinavuma, miguu inasukuma, na mwenye baiskeli ya mbio anapita bila jasho. Hukumu ikatolewa mapema, ikadumu kwa miongo: tairi pana ni nzito, na yenye mbio ni ile nyembamba, iliyojazwa upepo hadi kidole kisiweze kuibonyeza. Nadhani hukumu hiyo iliziona sifa zinazoandamana, haikuuliza ni ipi inayotenda. Upana, meno makubwa na ubavu mnene vilikuwa vinakuja pamoja katika tairi moja, na samaki mmoja akioza, wote huhesabiwa wameoza.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alisisitiza kuwa chanzo hutafutwa kwa kulinganisha hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Basi tuache fremu ileile, rimu zilezile za milimita 559, gia zilezile na mpanda baiskeli yuleyule. Tutoe tairi za meno, tutie tairi zenye upana uleule lakini laini juu, ambazo wengi wangeziita vipara, na zenye ubavu wa nyuzi nyembamba unaokunjika ukiushika tu. Gurudumu likizunguka, sehemu ya tairi iliyogusa chini hupinda, kisha hunyooka, maelfu ya mara kwa safari moja. Mpira mnene ukinyooka haurudishi nguvu zote zilizoupinda; nyingine hupotea kwa joto. Meno nayo hupinda, kila jino kivyake. Upana hauna kosa hilo. Kwa mzigo na upepo uleule, eneo linalogusa lami hubaki karibu lilelile, ila umbo lake huwa fupi na pana badala ya refu na jembamba, na tairi hulazimika kupinda kwa uchache. Mtu wa mantiki atapinga kwamba hapo nimebadilisha vitu viwili, meno na ubavu, kinyume cha sharti la Mill. Ni kweli, nami sidai kujua kwa jaribio hilo ni kipi kati ya viwili hivyo kilichozidi kuchelewesha. Nadai tu kwamba uzito wa mwendo umeondoka na upana umebaki, kwa hiyo upana haukuwa mkosaji.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la uzoefu: vizazi vya waendesha baiskeli za mbio walihisi kabisa kuwa tairi ngumu inakwenda kasi. Je, wote walidanganyika? Hisia zao zilikuwa za kweli, ila walichohisi ni mtetemo, na mtetemo huongezeka pia mwendo unapoongezeka, hivyo wakauchukua mmoja kuwa dalili ya mwingine. Hata mashine ziliwaunga mkono, kwa sababu tairi ikipimwa juu ya pipa laini la chuma, kila upepo unapozidi upotevu hupungua. Barabara si pipa. Kila kokoto hupeleka mshtuko kwenye tandiko na usukani, mwili unaumeza, na nguvu zilizomezwa ni zile zilizotoka miguuni. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly la Marekani, alipopima tairi barabarani alikuta kuwa pana na laini haziachwi nyuma. Mtu huyo pia huuza tairi za aina hiyo, na ni haki kumtilia shaka. Lakini timu za mbio za Ulaya, ambazo haja yao ni kushinda, nazo zimetoka kwenye milimita 23 zikafika 28 na zaidi. Na si mara ya kwanza kwa tairi ngumu kushindwa: mwaka 1889, mjini Belfast, Willie Hume aliwashinda waliotumia mpira mgumu kwa kupanda baiskeli yenye tairi za upepo za Dunlop.

Hata ndoa ya upana na mlima ni ya juzi. Schwinn, mtengenezaji wa baiskeli wa Marekani, alileta tairi za inchi 2.125 mwaka 1933 kwa baiskeli za mitaani. Vijana wa Marin County, California, ndio waliozipeleka mlima Tamalpais miaka ya 1970.

Nakubali kwamba kwenye kasi kubwa tairi nyembamba hukata hewa vizuri zaidi, na kwamba ubavu mwembamba hauwezi kushindana na miiba ya mgunga. Anayepita porini abaki na meno yake. Mwenye kukaa mjini na baiskeli ya mtumba ya inchi 26 apime kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, kisha atafute mteremko na siku tulivu. Aanzie kwenye alama moja, asikanyage pedeli, aone baiskeli inasimama wapi. Abadilishe tairi, arudie, asiniamini mimi.